Mpunguza Miaka

Chimène ana picha yake mwenyewe yenye urefu wa mita mbili. Imechapwa kwenye turubai, inasimama kwa vyuma vyake, na wakati wa safari hukunjwa na kutiwa kwenye mfuko kama mwavuli. Popote anapokwenda kusimulia habari zake, picha inatangulia. Humo ameinamisha kichwa kidogo na ameshika mikono ya mwanamke mzee ambaye uso wake umekatwa na ukingo. Mikono hiyo ni ya mama yangu. Ninaitambua kwa kidole gumba kilichopinda, alichokivunja akitwanga mihogo kabla sijazaliwa.

Shirika lake linaitwa Kapu la Dorkasi. Dorkasi wa kwenye Biblia aliwashonea wajane nguo. Huyu wa kwetu hajui kutia uzi kwenye sindano. Ofisi iko South End, hapa Louisville, Amerika, kati ya duka la matairi na duka la Mkongo mwenzetu anayeuza sombe, yaani kisamvu, ya kugandishwa na samaki wakavu. Ndani kuna cherehani sita. Wafadhili wakitangaza kuja, wanawake hupigiwa simu: mvae vitenge, msije na suruali za kazini. Wanatoka zamu zao za ghalani wamechoka, wanabadilisha nguo ndani ya magari, wanakaa mbele ya cherehani na kuinamisha vichwa. Nusu yao hawajui kushona. Cherehani zenyewe hazina uzi. Wafadhili wanapiga picha, wanalia kidogo, wanaondoka.

Nisimwonee. Kapu la Dorkasi hugawa makoti kila Novemba, na koti la Kapu ndilo lililomkinga mama yangu katika baridi yake ya kwanza. Mtu akiniambia Chimène hajafanya lolote, nitambishia. Ugomvi wangu naye ni juu ya kitu alichokifanya, tena kwa mkono wake.

Kambini, miaka kumi na mitatu iliyopita, Chimène alikuwa karani kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi. Hakuwa na cheo. Alikuwa na Kifaransa cha shule, Kiingereza cha redio na kalamu, na kwa watu elfu kadhaa waliokaa vumbini hiyo ilikuwa serikali nzima. Mzee akifika mezani aliulizwa: ulizaliwa mwaka gani? Wazee wetu hawakujibu kwa namba. Walisema, mwaka ule daraja lilipobebwa na mto; mwaka wa ndui; nilikuwa nachunga mbuzi Wabelgiji walipoondoka. Chimène alisikiliza, akamtazama mtu toka kichwani hadi miguuni kama mnunuzi wa ng'ombe, akaandika mwaka alioupenda yeye. Siku na mwezi hakuhangaika navyo. Kila mtu alizaliwa tarehe moja Januari. Ndiyo maana siku ya mwaka mpya, katika kanisa letu la Beechmont, nusu ya waumini wanaongeza mwaka kwa pamoja na hakuna hata mmoja anayekata keki.

Palikuwa na uvumi kwamba Amerika haitaki wazee, inataka watu wenye mgongo. Hakuna ofisa aliyelisema hilo. Yalikuwa maneno ya kwenye foleni ya maji. Lakini Chimène aliyaamini, nasi tulimwamini Chimène, basi akaanza kupunguza. Mama yangu, M'Mirindi, yaani binti Mirindi, ndivyo sisi Washi tunavyowaita wanawake wetu, alizaliwa mwaka 1953. Hilo tulilijua vizuri, kwa sababu babu alikuwa katekista na aliwaandika watoto wake wote nyuma ya kitabu cha nyimbo, hadi nyumba ilipochomwa na kitabu ndani. Mama alifika mezani akiwa na miaka hamsini na saba, akaondoka akiwa na arobaini na miwili. Alifurahi. Kesho yake alimpelekea Chimène kuku.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Ili umri wa mama na wa binti usilete maswali, nami nikapunguziwa kumi. Kwa karatasi za Amerika, diploma yangu ya Bukavu niliipata nikiwa na miaka kumi na mitatu. Mtoto mwerevu kweli.

Tulicheka kwa muda. Kisha mama akapata kazi kwenye ghala la viatu, anasimama saa kumi kwa siku akitia viatu kwenye maboksi. Magoti yakavimba. Daktari alipotazama picha za mifupa aliuliza mwanamke wa miaka hamsini na mitano amefanya kazi gani hapa duniani. Nilimjibu kwamba amefanya kazi ya miaka sabini. Alidhani natania. Mzee wa sabini hapa anakaa nyumbani na serikali inamtunza. Wa hamsini na mitano anavaa beji na kusimama.

Nilikwenda kwa mwanasheria, yule wa bure anayekuja maktaba kila Alhamisi. Alisema mwaka unaweza kusahihishwa. Alitaka maelezo ya maandishi kutoka kwa mtu asiye wa ukoo wetu, anayejua mwaka wa kweli na anayeweza kueleza ule wa uongo uliingiaje.

"Bila hiyo sehemu ya pili," alisema, "watadhani mama yako ndiye aliyedanganya. Na hiyo ni hatari kuliko magoti. Yupo mtu kama huyo?"

"Yupo," nilisema. "Haendi popote bila picha yake."

Mwanasheria akaniandikia karatasi ya ukurasa mmoja. Ilibaki saini tu.

Nilimwandikia Chimène barua pepe nne. Hakujibu hata moja, ingawa siku hizo hizo aliweka kwenye Facebook maneno marefu juu ya kusikiliza kilio cha wadogo. Mwishoni mwa Februari nikaenda ofisini bila kuomba nafasi. Nilimkuta amevaa suti ya rangi ya maziwa, anapangusa simu yake kwa kitambaa.

"Leya, mama yangu! Kaa. Unakunywa chai?"

"Nimefuata saini, chai nimeshakunywa."

Akaisoma karatasi. Alisoma kwa mdomo uliofungwa, na alipofika kwenye aya ya pili, ile inayosema *mimi ndiye niliyeandika mwaka usio sahihi*, akaiweka mezani kwa ncha ya kidole kama kitu chenye mafuta.

"Bon. Leya. Mambo ya kambi ilishapita. Mungu alishasamehe."

"Mungu hajawahi kumdai mama karatasi. Ni ofisi ya uhamiaji."

"Unajua minapenda mama yako sana."

"Najua. Umemkata kichwa kwenye picha, ukabakiza mikono."

Akacheka, kicheko cha kuomba muda. Kisha akasogeza kiti. "Sikia. Nikisaini ya mama yako, kesho batu mia tatu bako pale mulangoni. Kila mutu na magoti yake."

"Wapange mstari. Kazi hiyo unaijua."

"Na comité? Wale bazungu ba kamati batauliza: donc, directrice wetu alikuwa anaandika uongo?"

"Watauliza, nawe utasema ndiyo. Utasema ulikuwa kijana, ulikuwa na hofu, ulidhani unawaokoa. Hata mimi nitakutetea, maana ni kweli."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyekojoa kwenye kochi. Halafu akasimama, akanishika mabega, akaanza kuniombea. Ndiyo mbinu yake. Mtu anayeombewa hawezi kujibu. Nilisimama macho wazi nikisubiri amina, na amina ilipofika alikuwa ameshanisukuma hadi mlangoni.

Mwezi wa Machi mama alianguka ghalani. Hakuvunjika. Alikaa chini kati ya maboksi, na msimamizi akamwambia ana dakika kumi. Jioni hiyo nilimkuta amelaza miguu kwenye ndoo ya maji ya moto, anaimba. Nikamwambia nakwenda Columbus kumtafuta Chimène.

"Usimusumbue muntu wa Mungu," alisema. "Alituleta."

"Ndege ndiyo iliyotuleta, mama."

"Ndege ilikuita kwa jina?"

Binti yangu Gentille, ambaye ana miaka kumi na tisa na huzungumza nasi kwa Kiingereza kama tuko kwenye kaunta ya benki, aliniambia nimtumie tu Chimène ujumbe wa simu. Nilimwuliza kama amewahi kumwona mdeni akijibu simu. Nikaomba siku moja ya ruhusa kazini na kuendesha saa tatu na nusu.

Huko Columbus palikuwa na mkutano wa wanawake Wakristo, ndani ya hoteli yenye mazulia yanayomeza viatu. Turubai lilikuwa limeshasimama mlangoni, na mikono ya mama yangu ilikuwa imefika kabla yangu. Kwenye ratiba waliandika Dokta Chimène. Chuo kilichompa udokta kina ukurasa wa Facebook na joho. Darasa lake sijaliona. Kwa dakika arobaini alisimulia maisha yake. Alizaliwa Kamituga, akasoma ukatibu, akakimbia, akafika Amerika na sanduku moja tu. Wanawake wakaguna kwa huruma. Kila mmoja wetu alifika na sanduku moja; ndivyo tulivyoruhusiwa.

Kisha akafika kwenye meza.

"Pale mezani," alisema, na sauti ikaanza kutetemeka mahali pale pale inapotetemeka kila mara, "niliandika kila jina kwa machozi. Kila jina nililiombea."

Nilikuwepo. Alikuwa anakula karanga. Alikuwa na bakuli la bati kwenye mapaja, na maganda aliyatupa chini ya meza, na alipomaliza kuandika jina la mama yangu alijifuta chumvi kwenye ukingo wa fomu.

Wakampa tuzo: njiwa wa kioo. Nilimsubiri kwenye ujia wa vyooni, kwa sababu hata dokta lazima apite huko. Akatoka amemkumbatia njiwa, akaniona, na kwa mara ya kwanza sikuona tabasamu.

"Umenifuata mpaka hapa?"

"Mama ameanguka kazini."

"Pole. Ameumia?"

"Bado. Anangoja wewe useme umri wake ili ajue kama ana haki ya kuumia."

Akatazama huku na huku. Wanawake walipita, wakamsalimu, akainamisha kichwa kama kwenye picha. Wakipita tu, uso ulirudi.

"Leya, weye uko kichwa ngumu tangu kambini."

"Saini."

"Ngoja. Ngoja kwanza." Akafikiri. Ninakiri hili: anajua kufikiri haraka. "Mwezi wa ine tunafungua Kapu kule Buffalo. Kuko chakula cha muchana na wafadhili, batu mia mbili. Leta mama atoe ushuhuda. Batu baone ile mikono iko na muntu. Akisimama na sisi siku ile, nitasaini. Naapa, parole d'honneur."

"Saini kwanza, ushuhuda baadaye."

"Ushuhuda kwanza." Akampangusa njiwa kwa mkono wa suti. "Mimi pia minajua kupanga mustari."

Wiki moja baadaye alinitumia ushuhuda wa mama, umechapwa, kurasa mbili. Ulikuwa na vita, msitu, kambi, koti, na mwishoni cherehani: Kapu la Dorkasi lilimfundisha mama kushona na sasa anajitegemea kwa magauni. Mama yangu hajawahi kugusa cherehani. Hata vifungo vya wajukuu hushonwa na mimi.

Kutoka Louisville hadi Buffalo ni saa nane na zaidi. Tuliondoka Ijumaa na mayai ya kuchemsha, mikate na chupa ya chai, mama amekaa nyuma ili anyooshe miguu. Hajui kusoma, basi nilimsomea ushuhuda wake mara mbili tukiwa tumesimama kuweka mafuta. Alisikiliza kwa adabu kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

"Hiyo ya cherehani ni uongo," alisema.

"Ni uongo."

"Siwezi kusimama mbele ya Mungu niseme minashona."

"Basi iruke. Sema ya koti."

"Nitasema ile tu alinifanyia kweli kweli."

"Sema hiyo. Lakini iwe fupi, mama, kisha ukae. Nataka ile saini."

"Weye na saini yako. Karatasi ni ya bazungu. Miaka ni ya Mungu. Nipe yai."

Sikumwuliza atasema lipi hasa. Nilikuwa nawaza barabara, kwa sababu baada ya Erie theluji ilianza, Aprili, kama vile Buffalo haikupata habari kwamba Pasaka imepita.

Chakula kilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, meza za duara, kuku, maharage mabichi na mikate midogo ya kulainisha uchungu wa hotuba. Chimène alikaa meza ya mbele pamoja na mwenyekiti wa comité, Mmarekani mrefu mwenye mikono ya fundi bomba, ambaye baadaye niliambiwa kweli alikuwa fundi bomba kabla ya kuwa na kampuni. Kamera ya Kapu ilikuwa kwenye miguu yake mitatu, inarekodi kila kitu kwa ajili ya mtandao. Kwa kuwa siku hiyo Chimène alikuwa mwenye shughuli na hakutaka kuonekana akitafsiri, walimwita Jemutai, msichana wa Kenya anayesomea uhandisi huko. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo Auntie," akaniuliza kama mama huongea haraka.

"Polepole," nilimwambia. "Wewe tafsiri anachosema. Usiongeze."

"Sawa tu. Mimi siongezangi."

Mama akapanda. Kitenge cha bluu, kilemba, lile koti la Kapu mabegani. Watu waliutazama ule mkono wenye kidole kilichopinda, wakatazama turubai, wakaguna kwa pamoja. Chimène alifumba macho, tayari kulia.

Mama akasema vita. Akasema msitu, akaruka msitu haraka kwa sababu hapendi kuusema. Akasema koti. Jemutai alikuwa akifuata sentensi kwa sentensi, sauti safi, bila kuongeza. Mwenyekiti alikuwa ameacha kula. Mambo yalikwenda vizuri kabisa, nami nikaanza kutafuta kalamu kwenye mkoba.

"Sasa," mama akasema, "kuko kitu moja sijawahi kushukuru mbele ya batu. Leo nitashukuru."

Jemutai akatafsiri.

"Pale kambini nilikuwa mzee. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Batu balisema Amerika haipendi bazee, itabaacha. Nikalia. Huyu mutoto wetu, Chimène, akaniangalia, akaniuliza: mama, uko na nguvu ya kulima? Nikasema niko nayo. Akachukua kalamu, akaandika arobaini na mbili. Kumi na tano akatupa."

Jemutai alinitazama mimi kwanza. Kisha akatafsiri, yote, pamoja na kulima na pamoja na kumi na tano.

Ukumbi ulikaa kimya. Mama aliuona ukimya huo kuwa heshima, akaongeza sauti.

"Na si mimi peke yangu! Bazee ba kambi muzima alibapunguzia. Hakuomba kitu. Mimi nilimupa kuku, lakini yeye hakuomba. Bengine balizaliwa pamoja na baba zangu, leo bako vijana kwenye karatasi! Mungu na yeye amupunguzie, abaki hivyo hivyo mutoto. Aksanti, Chimène. Aksanti sana."

Akapiga makofi. Alipiga peke yake. Mezani kwangu mwanamke mmoja alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akanywa maji.

Sikumfundisha mama. Ningemfundisha, angeharibu. Alisema alichosema kwa sababu kwake ndilo jema kubwa kuliko yote aliyotendewa na binadamu, na hakuona sababu ya kulificha siku ya kushukuru. Ni sisi tulioliona aibu. Sisi wenye diploma na udokta.

Mwenyekiti alimgeukia Chimène. Aliinua nyusi. Na Chimène akasimama, tabasamu limeshavaliwa, akaja hadi kwenye kipaza sauti na kumkumbatia mama yangu kwa mkono mmoja. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwa ile sauti ya kuwaambia watu wasiwe na wasiwasi:

"Tumpigie mama makofi. Mnajua, mama yetu ana miaka sabini sasa. Katika umri huo, baada ya yote aliyopitia, kumbukumbu zinachanganyika. Tumvumilie kwa upendo."

Jemutai, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyopewa, akamgeukia mama na kumtafsiria kwa Kiswahili. "Anasema una miaka sabini, Nyanya, na kwamba kumbukumbu zako zinachanganyika."

"Sabini!" mama akaita kwa furaha. "Njo hivyo! Mumesikia? Yeye anajua. Njo yeye alikuwa nayo hesabu!"

Jemutai akatafsiri hiyo pia. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka.

Nilimfuata Chimène jikoni, nyuma ya ukumbi, ambako wanawake wawili walikuwa wanafuta sahani. Walituona, wakatoka. Alikuwa ameegemea friji, jasho limeanza kwenye mstari wa nywele za bandia.

"Umenipangia," alisema. "Umefundisha mama yako anivue nguo mbele ya batu."

"Mama alikushukuru. Wewe ndiye uliyesema sabini. Kwa Kiingereza kizuri, kwenye kamera yako mwenyewe." Nikaweka karatasi juu ya meza ya chuma. "Uliahidi."

Akaichukua kalamu. Akasoma. Akafuta aya ya pili kwa mstari mmoja. "Nitasaini ya miaka. Kwamba namujua, kwamba alizaliwa 1953. Hii ingine, hapana."

"Bila hiyo, mama yangu ndiye mwongo."

"Kwani alikataa? Alisema aksanti! Alileta kuku!" Sauti ilikuwa imepanda, na Kifaransa chote kilimpotea, kikabaki Kiswahili cha Kamituga. "Na weye? Weye mwenye diploma, ulikuwa fasi gani siku ile? Ulikuwa nyuma yake. Nilikukata kumi, ukatazama chini. Mama hajui kusoma. Weye ulisoma fomu yako kutoka juu mpaka chini, na ukanyamaza. Sasa unakuja na mwanasheria unatafuta mukosaji. Tafuta kwenye kioo."

Ilikuwa kweli. Nililisoma lile jina langu na ule mwaka, nikahesabu kichwani, nikaona inafaa. Nilitaka kuondoka kambini kuliko nilivyotaka kusema kweli. Nimemdharau Chimène miaka yote hii, na sehemu ya dharau hiyo ilikuwa ya kujikinga.

Nikamnyang'anya kalamu. Nikaiandika upya aya ya pili kwa mkono, chini ya mstari alioufuta, nikaongeza sentensi moja: *Binti yake Leya alikuwepo, alijua mwaka si sahihi, na alinyamaza, mwaka wake pia ulipunguzwa.* Nikatia saini yangu kando yake.

"Haya. Tuko wawili," nilisema. "Saini."

"Utapata shida na bya kwako."

"Nitapata."

Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa mwenyekiti. Aliuliza, kwa upole kabisa, kama Dokta angeweza kuja, comité wangependa kuzungumza naye kabla ya kahawa. Macho yake yalishuka kwenye karatasi, yakakaa hapo. Chimène alimtazama, akanitazama, na nikaona akipima: kutia saini mbele yake ni kukiri, kukataa mbele yake ni nini?

Akatia saini. Saini yake ni nzuri, ina mkia mrefu, ya mtu aliyejizoeza. Kisha akamnyooshea mwenyekiti ile karatasi kabla sijaizuia, asome. Nadhani huo ndio ushujaa wa pekee niliowahi kumwona nao, na hata huo sina hakika kama haukuwa hesabu. Fundi bomba alisoma ukurasa wote amesimama, akanirudishia mimi, akamfungulia Chimène mlango apite mbele.

Ukumbini nilimkuta mama amezungukwa na watu wanaotaka kupiga naye picha, na uso wake ndani. Jemutai alikuwa amesimama pembeni ameshika koti.

"Auntie, nimeharibu?" aliniuliza. "Mimi nilikuwa tu natafsiri."

"Umefanya kazi yako. Nenda ukale kuku."

Tuliondoka Buffalo kabla ya kahawa, theluji inapiga kioo. Mama alifungua kifurushi cha leso: mapaja mawili ya kuku na mikate mitatu.

"Ni ya Chimène," alisema. "Hakukula. Niliona sahani yake. Nilimutafuta nimupe, bananiambia iko kwenye mukutano."

"Mama, hujui ulichokisema mle ndani?"

"Minajua. Nilisema kweli. Weye njo unaonekana kama muntu aliyeiba."

Nikamweleza ile karatasi. Nilimweleza yote, pamoja na sentensi niliyoiandika juu yangu mwenyewe. Alisikiliza. Tulipita Erie, tukapita na mizani ya malori. Nikadhani amelala.

"Donc, kazi siendi tena?"

"Jumatatu unaenda. Karatasi lazima isafiri kwanza. Labda miezi minne, labda sita."

"Sita!"

"Labda sita."

"Na weye bakikuuliza ile miaka yako kumi?"

"Nitasema."

Akanyoosha miguu kwenye kiti, akayasugua magoti kwa ule mkono wake. "Basi acha mambo ya karatasi," alisema. "Ongeza moto ya gari, minasikia baridi. Na kuku tutakula sisi."